SSD kwenye laptopu ya zamani: tupige Windows au Linux, na tuzime nini?

Mama Steshenari
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nina kisteshenari: nachapa, natoa kopi, najazia wanafunzi fomu. Laptopu ni i5 kizazi cha tatu, RAM 4 GB. Jumamosi nimetoa diski ya kuzunguka, nimeweka SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 240. Inawaka haraka mpaka raha. Ila Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kihalali inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa nipige nini? Halafu fundi aliyenifungia kaniambia SSD inaliwa kila inapoandikwa, kwa hiyo kazima pagefile (sehemu ya diski inayoisaidia RAM ikijaa), kazima TRIM, na kaniwekea programu ya kudefragi, yaani kupanga upya vipande vya faili, kila Ijumaa. Tangu jana nikifungua kurasa sita kwenye Chrome naambiwa kumbukumbu haitoshi, Word inajifunga, na kazi ya mteja inaondoka nayo.

Nyuzi
Dada, rudisha pagefile leo hii. Kwa RAM 4 GB hiyo ndiyo pumzi ya mashine. Na huyo fundi kazima kinachosaidia, kawasha kinachokula. Kudefragi ndiko kunakoandika na kuandika. TRIM iko ndani ya Windows tangu Windows 7 ya 2009: ukifuta faili, SSD inaambiwa eneo lile halina kazi tena, inalisafisha mapema. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Ikijibu 0, TRIM ipo. Ikijibu 1, imezimwa. Tatizo mafundi wetu wa mitaani wanafanya kazi kwa kukariri.

Bisibisi
Nyuzi, maelezo yako ya TRIM sina ugomvi nayo. Hapo kwenye kukariri ndipo uliponigusa. Nina miaka 12 kwenye meza, watoto wangu wawili wamesoma kwa bisibisi hii. Mteja akiniletea Windows iliyopigwa enzi za XP, kabla sijaihamishia kwenye SSD naangalia patisheni, kile kipande cha diski chenye Windows, inaanzia wapi. XP ilianzia sekta ya 63, na 63 haigawanyiki kwa 8 wakati SSD inaenda kwa sekta nane nane, hivyo andiko moja linaangukia kurasa mbili za SSD. Kuanzia Vista inaanzia MB 1, tatizo hilo hakuna. Naingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kuona kama diski iko AHCI, njia mpya ya kuongea nayo, au imeachwa IDE, ile ya zamani. Hayo nimekariri wapi?

Nyuzi
Sikukutaja wewe kaka.

Bisibisi
Ulisema "mafundi wetu wa mitaani". Mimi nakaa mtaani.

Pengwini
Turudi kwenye swali. Piga Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, umalize habari. Inatuma TRIM yenyewe mara moja kwa wiki, na ukitaka kuona kwa macho andika `sudo fstrim -v /`, itakutajia ukubwa wa eneo iliyosafisha. Huhitaji kuzima kitu. Na mtaacha kupiga Windows za kukraki ambazo hamjui zimebeba nini ndani.

Mwalimu wa Zamu
Mtihani wa hesabu nilioutunga kwenye Word niliufungua kwenye LibreOffice, ile inayotumika Linux badala ya Word: jedwali limehamia ukurasa wa pili, alama za sehemu zimepanda juu ya swali la 7. Nilikaa mpaka saa sita usiku narekebisha. Mteja wa steshenari akileta CV yake ivurugike hivyo, hatarudi. Na mshahara wangu ukiutazama huwezi kuniuliza habari za leseni.

Pengwini
Mwalimu, hapo umehama kabisa. Mnawafundisha watoto wasiibe mtihani, halafu mtihani wenyewe unachapwa na programu ya wizi?

Mwalimu wa Zamu
Nimeongelea jedwali, wewe umenileta kwenye wizi. Futa hilo neno.

Ukwaju
Mimi TRIM naiogopa kwa kweli. Mwaka juzi nilifuta kwa bahati mbaya folda ya picha za msiba wa baba. Fundi alijaribu programu tatu. Majina ya faili yalirudi yote, moja baada ya nyingine, ila ukifungua picha, tupu. Kwenye ile diski ya zamani aliwahi kunirudishia. Afadhali izimwe.

Bisibisi
Pole sana dada Ukwaju. Ndivyo ilivyo: TRIM ikishapita mimi sina cha kufufua, na mwenzangu yeyote akikuahidi, anakula hela yako. Dawa ni bakapu. Kuizima TRIM ni kuifanya SSD ichoke na izidi kuwa nzito ikikaribia kujaa.

Nyuzi
Na hofu ya kuliwa ni ya zamani. Chukua Samsung 860 EVO ya GB 250: dhamana yake ni kuandika TB 150, yaani GB 150,000. Uandike GB 20 kila siku ya Mungu, ni siku 7,500, zaidi ya miaka 20. Steshenari haifiki huko.

Bisibisi
Hapo tuko pamoja. Laptopu za wateja wangu zinakuja na betri iliyokufa: mashine inategemea waya tu, umeme unakatika ikiwa katikati ya kuandika. Mama Steshenari, betri yako inakaa?

Mwalimu wa Zamu
Pengwini bado nasubiri ufute.

Pengwini
Nafuta neno "wizi". Hoja ya leseni siifuti.

Mama Steshenari
Nimeandika amri ya Nyuzi, imejibu 1. Nikaandika ile ile, badala ya `query` nikaweka `set` na mwisho 0, nikauliza tena: 0. Programu ya kudefragi nimeitoa, pagefile nimeirudisha. Chrome ina kurasa tisa na Word iko wazi. Betri haishiki hata dakika tano, kaka Bisibisi. Ila jamani, Windows au Linux? Wateja wangu wote wanaleta Word.

Pengwini
Piga zote mbili, GB 240 zinatosha. Mtandao na fomu ufanyie Mint, Windows uifungue kwa ajili ya Word tu.

Mwalimu wa Zamu
Awe anazima na kuwasha foleni ikiwa mlangoni?

Bisibisi
Dada, uko mkoa gani? Tuanze na betri.