Muuguzi aliyewahi kutumia heroini: aombe kupangiwa wapi?

Kijana wa Uyole, Mbeya

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu poleni na kazi.

Mimi ni muuguzi wa ngazi ya stashahada, leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga ninayo, na kwa sasa ninajitolea katika hospitali moja hapa Mbeya huku nikisubiri ajira za serikali. Kabla sijajiunga na chuo nilikuwa mtumiaji wa heroini. Nilianzia Tunduma nilipokuwa utingo wa malori, na nikaja kuacha kwa msaada wa kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, iliyopo Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa mjini. Dozi ilipunguzwa kidogo kidogo hadi nikamaliza, nikasoma nikiwa mzima, na hakuna anayejua habari hizi isipokuwa mama na kaka yangu.

Sasa nimeambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao nitakuwa wodi ya upasuaji, ambako ufunguo wa kabati la DDA, yaani dawa kali za maumivu zinazodhibitiwa kisheria kama mofini na pethidini, hukaa mfukoni mwa muuguzi wa zamu. Tamaa sina, lakini naujua uraibu, nao haubishi hodi. Je, nimweleze metroni, yaani msimamizi wa wauguzi, ukweli, au niombe kubadilishiwa wodi kwa kisingizio kingine? Ndugu mmoja ananishauri nikiajiriwa niombe zahanati ya mbali, Makete au Chunya, ambako hakuna mofini wala pethidini. Mwingine anasema mahali pangu ni kliniki ya methadoni yenyewe. Naomba mawazo ya waliokaa wodini muda mrefu.

Mama wa Zamu, Mbeya

Marahaba mwanangu. Nimesimamia wodi za upasuaji kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Tutenganishe mambo mawili. Uraibu uliotibiwa kabla hujasoma ni historia ya ugonjwa. Kuchukua dawa ya mgonjwa ni kosa la maadili na la jinai, na hilo ndilo linalomfikisha muuguzi mbele ya Baraza, ambalo kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 linaweza kumsimamisha au kumfutia usajili. Hilo la pili hujalifanya, na usikubali mtu akuhukumu kana kwamba umelifanya.

Kuhusu kabati, watu wa nje hudhani hatari ni kufuli. Hatari yenyewe ni mabaki. Daktari ameandika pethidini miligramu 50, ampuli ina 100, kwa hiyo nusu inatakiwa kumwagwa mbele ya shahidi, na wote wawili watie sahihi kwenye daftari. Usiku, wauguzi wawili wakiwa na wodi iliyojaa, shahidi hutia sahihi akiwa amesimama mlangoni na dripu ya mgonjwa mwingine mkononi, bila kuona kilichomwagwa. Nimeona waliokwama hapo wakiwa hawana historia yoyote ya dawa za kulevya.

Ningekuwa metroni wako ningetaka kujua. Ningekupanga zamu za mchana kwa muda, ufunguo ukae kwa mwenzako, na nisingelazimika kumweleza yeyote sababu, maana ratiba ni kazi ya msimamizi. Mfuate ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Usianzie chumba cha chai.

Binti wa Mlandege, Iringa

Kamwene. Mama wa Zamu anazungumza kana kwamba metroni wote wana moyo wake, na mimi kwa heshima zote ninapingana naye kidogo.

Uraibu wangu ulianzia kazini, tofauti na wa mwenzetu. Nilifanyiwa upasuaji, nikapewa pethidini, na niliporudi kazini katika chumba cha upasuaji nikaendelea kwa hayo hayo mabaki yaliyotajwa hapo juu. Nilipogundulika niliondolewa, nikatibiwa, nikarudishwa. Siri yangu ilipaswa kubaki kwa watu wawili, lakini kabla ya wiki kwisha hata mhudumu wa mapokezi alikuwa anaijua. Kila ampuli ilipopungua, macho yote yalinigeukia, pamoja na siku ambazo sikuwa zamu. Kilichoniokoa ni kuhamia kliniki ya huduma na matunzo kwa wanaoishi na VVU, mahali ambapo kazi ni ushauri, vipimo, dawa za kila mwezi na kuwafuatilia waliopotea. Hakuna kabati la namna ile, na nimepanda ngazi huko huko bila kulazimika kurudi wodini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujafungua mdomo chunguza huyo metroni aliwahi kufanya nini na siri za wengine, iwe mimba ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au majibu ya kipimo cha mfanyakazi. Hiyo ndiyo sifa yake halisi.

Zahanati ya mbali usiifikirie kabisa. Ni kweli mofini haipo, lakini diazepamu ya degedege ipo, na muuguzi unaweza kuwa peke yako usiku kucha, bila wa kutia sahihi pamoja nawe na bila rafiki wa kumpigia mtandao ukikatika. Wodini angalau kuna macho.

Muuguzi wa Dirishani, Mbeya

Mimi ninafanya kazi katika kliniki ya methadoni. Kila asubuhi, sikukuu zikiwemo, mteja anakuja dirishani, anapewa dozi yake ya maji, anainywa mbele yangu, kisha ninamsemesha neno moja au mawili ili nihakikishe kwamba ameimeza. Kwa nje ni kazi nyepesi. Kwa mtu aliyetoka kijiweni si nyepesi hata kidogo, kwa sababu wale mliokuwa mkivuta pamoja watakuja dirishani kwako, na baadhi yao watakuomba uwaongezee, au uwaruhusu watoke nayo mdomoni. Ukikataa unaitwa msaliti. Ukikubali, leseni yako iko hatarini. Walioacha wana nafasi kubwa sana katika huduma hii kama waelimishaji rika, wanaokwenda vijiweni ambako sisi hatuwezi kuingia, lakini kukaa dirishani ukishika dozi ni jambo jingine. Ningekushauri usubiri hadi uwe umezoea kazi ya uuguzi yenyewe.

Niongeze kwa ajili ya wasomaji ambao bado wanatumia methadoni. Huduma hii ilianza nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, na walioingia wakiwa vijana sasa ni watu wazima wenye kazi na familia, kwa hiyo swali hili tutalisikia tena. Mtu mwenye dozi iliyotulia anaweza kufanya kazi vizuri. Kusinzia hutokea zaidi mwanzoni dozi inapopandishwa. Tatizo kubwa ni umbali, kwa kuwa anayepangiwa kazi Chunya hawezi kufika dirishani Mbeya kila asubuhi na bado akawahi zamu. Na ukianzishiwa dawa za kifua kikuu tuambie mapema, maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya methadoni na arosto, yale mateso ya kukosa dawa, hurudi.

Mzee wa Mafinga

Mnisamehe, mimi si muuguzi. Mke wangu alifanyiwa upasuaji mwaka jana na alilia usiku mzima. Nikisoma habari za mabaki ninajiuliza kama alichomwa dawa au maji. Ninyi mnazungumzia siri za wauguzi. Mgonjwa anamlilia nani?

Mama wa Zamu, Mbeya

Swali lako ni la haki, mzee wangu, na pole kwa yaliyompata mama. Mimi ninaona kwamba muuguzi anayeogopa kusema ndiye wa hatari kwa mgonjwa kuliko yule anayejulikana. Marekani, jimbo la Florida lilianzisha mwaka 1983 mpango wa kumpeleka muuguzi mwenye uraibu kwenye matibabu na uangalizi badala ya kukimbilia kumfutia leseni, na majimbo mengi yakafuata. Si msamaha wa bure. Muuguzi anapimwa mkojo kwa kushtukizwa, anazuiwa kugusa dawa hizo kwa muda, na msimamizi anaandika taarifa zake. Hapa kwetu tungeweza kuanza hata na jambo dogo: shahidi aone ampuli ikimwagwa ndipo atie sahihi.

Kijana wa Uyole, Mbeya

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Mafinga nimekusikia. Zahanati ya mbali nimeiacha. Metroni wangu ninamfahamu kuwa mtu wa siri, nitakwenda kumwona kabla ratiba haijabandikwa. Limebaki moja: nikiajiriwa, na daktari wa uchunguzi wa afya akaniuliza kama niliwahi kutumia dawa za kulevya, nijibuje?

Muuguzi wa Dirishani, Mbeya

Ukiulizwa, sema kweli, kwa sababu uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi utakusumbua kuliko historia yenyewe. Usipoulizwa, huna sababu ya kujitangaza. Njoo kliniki uombe barua inayoonyesha ulianza lini, ulimaliza lini na kwamba ulimaliza kwa utaratibu wa daktari. Uje na kadi yako ya zamani, na ufike baada ya saa tano, foleni ya dirishani ikiwa imepungua.