Sufu ya kondoo wangu inakatika katikati, shida ni nini?

mkulima_molo
Wadau habari zenu, niko Molo nafuga kondoo aina ya Corriedale, mwezi wa saba tukawanyoa, mnunuzi akachukua kishungi kidogo akakivuta mbele yangu kikakatika pap katikati kama uzi uliooza, bei ikashuka hapo hapo. Dawa ya minyoo nimewapa, upele hakuna. Jirani mmoja anasema ni baridi, mwingine ati ni mvua. Nani mkweli?

fundi_mkasi
Hakuna mkweli hapo ndugu. Hapo palipokatika ndio kiangazi chako cha Januari mpaka Machi. Sufu ni protini tupu, nyasi zikikauka inaota nyembamba, mvua ikirudi inanenepa tena, sasa ukivuta itakatikia wapi kama si pale pembamba? Na kama majike walikuwa wananyonyesha wakati huo huo basi ndio kabisa, maziwa yanachukua kwanza, sufu inabaki na makombo.

kasuku77
Lakini si kule New Zealand kondoo hupunguza sufu wakati wa baridi hata wakila vizuri?

fundi_mkasi
Kweli, ila hiyo inatokana na mchana kuwa mfupi. Romney hupunguza sana, Merino yeye wala hajali, Soay wa Scotland ndio anapukutisha yote mwenyewe. Sisi hapa ikweta iko karibu, mchana una urefu wa saa 12 Januari na saa 12 Julai, kinachobadilika ni malisho tu.

mama_kondoo
Mimi nilihamisha kunyoa nikapeleka mwanzo wa Machi. Kiangazi kipo bado lakini pale pembamba panakuja mwishoni karibu na ngozi, ukivuta haikatiki. Ila mvua isikukute jamani, mwaka wa kwanza nilinyoa leo kesho kutwa ikanyesha usiku kucha nikapoteza watatu kwa baridi, siku hizi wiki mbili za kwanza wanalala ndani. Na lusani kavu (majani ya mifugo yenye protini) anza kuwapa Desemba usingoje wakonde, chakula cha leo kwenye sufu unakiona baada ya wiki kadhaa.

dorper_tu
Uzeni hao mnunue Dorper, hakuna mkasi, hakuna mtu wa kukuvutavutia manyoya 😂

mkulima_molo
Dorper na hii baridi ya Molo? Acha tu 😂 Mama asante, sasa Machi si wana mimba?

mama_kondoo
Wanayo. Dume namwachilia mwanzo wa Desemba wazae mwezi wa tano nyasi zikiwa tele. Mwambie tu mnyoaji asiwabwage, na usiku wa kuamkia siku hiyo wasile.