Mjadala: Kukonda ni kazi ya mtu mmoja, au ya chungu cha nyumba nzima?

Mwalimu, Majengo

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Naileta hoja hii kwa sababu nimechoka kuwaona watu ninaowapenda wakihangaika peke yao. Juzi arusini hapa Majengo, Mombasa, shoga yangu alikaa kwenye sinia la pilau na wenzake, akawa anatafuna kachumbari tu. Maneno aliyoambiwa! Ati anajikausha, ati mumewe atatafuta mwenye mwili. Alivumilia. Siku ya tatu nikamkuta jikoni kwake na sahani ya mahamri, anakula huku machozi yanamtoka.

Nasema wazi: kumpa mtu mmoja orodha ya vyakula, kisha kumrudisha kwenye nyumba ambayo chungu chake hakikubadilika, ni kumwonea. Uzani unaopungua na ukabaki umepungua hutokana na desturi ya nyumba.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kilo 94 na sukari imeanza kupanda. Kliniki niliyokwenda nilipewa karatasi iliyoandikwa brokoli, salmoni na mtindi usio na mafuta. Samaki wetu, changu na tafi, ninaowanunua kila wiki hawakutajwa, wala mchicha, wala kunde. Nikaamua kuacha wanga wote. Miezi mitatu nikapunguza kilo 9. Ikaingia Ramadhani na futari ya kwa mama mkwe: viazi vya nazi, kaimati, tambi za sukari. Shawwali ilipofika kilo zote zilikuwa zimerudi, na mbili juu yake.

Kilichonitoa hapo ni mazungumzo na mama mkwe, kwa sababu jiko ni lake. Tulianza na chai. Nyumba nyingi za kwetu chai hupikwa na maziwa na sukari pamoja sufuriani, kwa hivyo hakuna anayechagua utamu wake. Mtoto wa miaka sita na babu mwenye ugonjwa wa sukari wanamiminiwa chai ile ile. Nilihesabu: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, si chini ya gramu 36 kabla hujagusa kitu kingine kitamu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayoipata kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 25. Sasa sukari yetu inakaa mezani. Wiki ya kwanza baba mkwe alinuna. Mwezi wa pili alikuwa anatia kijiko kimoja mwenyewe.

Kisha tui. Kasimele, lile tui zito la kwanza, tumeiweka kwa siku ya wageni, na mchuzi wa kila siku unapikwa kwa tui la pili. Mchele wa watu saba ulikuwa kilo moja na nusu, ukawa kilo moja, pojo na kunde zikaongezwa, na mboga inaletwa mwanzo, kabla ya sinia. Hili la sinia nalisisitiza, kwa sababu ukila na wenzako huwezi kujua umekula kiasi gani. Unaacha pale wanapoacha wao. Mahamri ni ya Ijumaa. Hakuna aliyekatazwa kitu. Imenichukua miaka miwili kufika kilo 81, na huu ni mwaka wa tatu nipo hapo hapo.

Karibuni, hata wa kunipinga.

Dereva wa tuktuk, Kisauni

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa nakataa. Mimi nimepunguza kilo 18 kwa miezi saba kwa kukata wanga: hakuna ugali, hakuna chapati, hakuna soda. Nyumba yangu haikubadilika hata kidogo. Mke wangu na watoto wanakula wali wao, mimi nakula samaki, mayai na sukuma wiki. Ningengoja nyumba nzima ikubali ningekuwa bado nabanwa na usukani. Mtu mzima lazima ajitawale. Tukianza kusema "ni mama mkwe, ni sinia, ni arusi", kila mmoja atapata pa kujifichia. Kitambi ni changu na mkono unaoinua tonge ni wangu.

Muuguzi, kliniki ya sukari

Nawasoma wote wawili na nawaelewa. Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 20 hadi 49 wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Sijui mnavyosoma nambari hiyo. Mimi naiona ikikaa mbele yangu kila asubuhi, kwenye benchi.

Kuhusu kukata wanga: mwaka 2018 watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili, wengine wakipunguza mafuta na wengine wanga. Baada ya miezi 12 kundi la mafuta lilikuwa limepunguza wastani wa kilo 5.3 na la wanga kilo 6, tofauti isiyo na uzito wa kitaalamu. Ila ndani ya kila kundi walikuwapo waliopunguza nyingi sana na walioongezeka. Kwa hivyo ndugu wa tuktuk, njia yako si mbaya. Swali ninalomwuliza kila mgonjwa ni: je, unajiona ukila hivi miaka mitano ijayo?

Na msidharau kupungua kidogo. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2002 kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, uliwapa shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki. Waliougua kisukari walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wasiopewa msaada huo. Kwa waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, waliougua walipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushee tu.

Sindano za semaglutaidi, zile za kupunguza uzani, nazo naulizwa kila siku. Zinafanya kazi, lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuziacha walirudisha kama theluthi mbili za uzani walioupoteza.

Nawaomba kwa moyo wote: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla kwa kusikia habari za jirani. Sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia. Aonane na daktari kwanza, dozi ipangwe upya.

Mama wa mahamri, Likoni

Nimesoma mpaka mwisho na nimeumia. Kila anayezungumzia kukonda lazima ayataje mahamri, na mimi watoto wangu wanne wamesoma kwa karai hilo.

Nipo karibu na feri kabla ya alfajiri. Anakuja kijana wa mjengo, mfukoni ana hamsini, na mpaka saa saba mchana hatapata kitu kingine. Namuuzia mahamri mawili na mbaazi za nazi. Mwalimu, mwambie ale nini? Mchicha hauwezi kumbebesha saruji mtu huyo. Mbaazi zenyewe ni chakula kizuri, kina nguvu na kinakaa tumboni.

Kwa maoni yangu kilichobadilika ni mwili kukaa. Bibi yangu alikula nazi kila siku ya maisha yake, na kasimele hiyo hiyo. Lakini alitwanga, alikuna, alichota maji kisimani, alikwenda shamba kwa miguu. Leo mtu anapanda bodaboda kwenda dukani kununua soda. Chupa ndogo ya soda ina sukari zaidi ya gramu 30, mbona haitajwi arusini, inagawiwa hadi kwa watoto?

Mzee, Mji wa Kale

Tumefundishwa zamani tumbo tuligawe: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Funga za sunna za Jumatatu na Alhamisi zipo. Lakini mwaka hadi mwaka naona Ramadhani watu wanafunga mchana na kunenepa usiku. Hapo mama mkwe wa mwalimu hayuko peke yake.

Mwalimu, Majengo

Mama wa Likoni, nakuomba radhi. Nilizungumza kama kwamba kila mtu ana jiko lake na muda wake. Kijana wako wa mjengo hana tatizo la kilo, na chakula chako kinamfaa. Ninayemsema ni mimi, ninayekula mahamri manne na kisha kukaa kwenye kiti mpaka saa saba. Na la soda arusini umenishinda, hata sikulitaja. Shughuli yangu ijayo nitaweka maji ya ukwaju yenye sukari kidogo na madafu.

Ndugu wa tuktuk, hongera ya kweli kwa kilo 18. Nina swali moja tu. Hao samaki na mayai yako, anayekupikia ni nani? Wengi wa wanaume wanaoniambia nyumba haikubadilika, nikiuliza vizuri naona yupo mwanamke anayepika vyungu viwili kila jioni. Na huyo huyo mwanamke ndiye aliyemo kwenye ile asilimia 45.

Dereva wa tuktuk, Kisauni

Mwalimu, nilimwuliza mke wangu jana usiku. Amesema anapika cha watoto kwanza, halafu changu, na yeye anamalizia makombo ya watoto akiwa amesimama. Sikuwa najua hilo la makombo. Bado nasema mtu ajitawale. Lakini kuanzia wiki hii samaki na mboga tunapika za wote, na wali unapungua, tuone watoto watasemaje.

Mama wa mahamri, Likoni

Mwalimu, yamekwisha. Nitaweka sufuria moja ya muhogo wa kuchemsha kando ya karai, kwa wale wa ofisini wanaoshuka feri. Mbaazi ni zile zile. Ijumaa nitarudi kuwaambia kama umenunuliwa au nimerudi nao nyumbani.