Nihamie vepu, au ndiyo kuruka majivu na kukanyaga moto?

FundiMakochi

Wakuu, salaam zenu.

Mimi ni fundi makochi hapa Keko, umri umeshavuka arobaini. Fegi nilianza nikiwa kijana wa kushikishwa misumari, na mpaka leo bado tuko pamoja. Siku ya kawaida pakiti inabakiza mbili tatu za kulalia, ila oda zikibana, hasa kuelekea Idi na Krismasi, pakiti inakata saa kumi jioni na naagiza za mojamoja kwa Mpemba. Karakana ina gundi, sponji na maranda, na mwenye eneo alishatangaza kwamba atakayewasha kiberiti ndani afungashe vyake. Kwa hiyo navutia barabarani huku mteja ananisubiri. Asubuhi nakohoa mpaka mama watoto anahamia sebuleni.

Sasa shemeji yangu alikuja likizo kutoka Uingereza, akaniachia sigara ya umeme, hii wanayoiita vepu. Ni ya kuchaji, ina kitangi na chupa ndogo ya maji ya mnanaa. Anasema kule watu wanapewa bure ili waache sigara. Nilipoivuta nikapaliwa vibaya, nikaitupia kwenye droo ya misumari.

Sijaamua bado, dada yangu akanipigia simu. Mwanawe wa kidato cha tatu amekutwa na ya kwake kwenye begi la shule. Nikaenda kuiona. Kidude cha rangi ya waridi, kinaenea kiganjani, kinanukia embe, kimeandikwa 5% na idadi kubwa ya mivuto. Kijana ananijibu bila wasiwasi, "Mjomba, huu ni mvuke wa matunda tu, siyo sigara." Dada ananitazama mimi nimkemee, na mimi mfukoni nina pakiti ya fegi.

Naomba mnisaidie mawili. Kwa mvutaji wa siku nyingi kama mimi, hii kitu ina nafuu ya kweli au ni biashara za watu? Na hiyo 5% ya kijana ni kitu gani?

Jumla_na_Rejareja

Mkuu usiwe na presha. Ni mvuke wa maji na ladha tu, haina moshi haina lami, wazungu wote wamehamia huko. Ninazo za embe, zabibu na tikiti. Njoo inboksi nikufanyie bei ya ndugu.

MtangaGhalani

Huyo hapo juu anauza, kwa hiyo msomeni kama mnavyomsikiliza muuzaji yeyote.

Niko Leicester, nafanya kazi ya ghalani zamu ya usiku, kupakia malori. Sigara nimetoka nayo Ngamiani mpaka huku, na huku kuvuta maana yake ni kusimama chini ya kibati kwenye mvua ya Novemba na wenzako wanne ambao hakuna anayetaka kuongea. Niliacha kupitia huduma ya kusaidia wavutaji ya mji huu, ambayo ni miongoni mwa za mwanzo Uingereza kuikubali vepu, tangu 2014. Mwaka 2023 serikali yao nayo ikatangaza mpango wa kuwapa vifaa hivyo wavutaji hadi milioni moja. Shemeji yako hajakudanganya.

Lakini wale watu hawakuniambia hata mara moja kwamba ni salama. Walichofanya ni kunipa kimashine cha kupulizia. Unabana pumzi sekunde kumi na tano, halafu unaiachia taratibu mpaka iishe. Kinapima monoksidi ya kaboni, gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha. Yangu ikasoma 24. Dada aliyenipima akanionyesha kwenye karatasi kwamba asiyevuta anakuwa huku chini kabisa, moja, mbili, tatu. Nikarudi wiki iliyofuata nikiwa kwenye vepu peke yake, sigara sijagusa, nikapuliza: 2. Nikotini nilikuwa naipata kama kawaida, ile hasira ya kukosa haikuwepo, ila gesi imetoka.

Hapo ndipo nilipowaelewa. Nikotini ndiyo inayokufunga kamba, lakini kinachokuua zaidi ni kule kuchoma jani: lami, gesi hiyo, na makumi ya kemikali za saratani katikati ya maelfu yaliyomo kwenye moshi. Vepu haichomi jani. Ndani kuna betri, koili (kiwaya cha kupasha moto), na pamba iliyolowa. Koili ikipata moto, majimaji yanageuka ukungu. Na majimaji yenyewe siyo maji ya bombani, ni propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini. "Mvuke wa maji" ni maneno ya dukani.

Kuna utafiti wa hapa Uingereza uliotoka 2019, watu 886 waliokuwa wanataka kuacha. Kundi moja likapewa vepu, jingine plasta, bigijii na dawa nyingine za nikotini, wote wakipata na ushauri wa ana kwa ana. Baada ya mwaka, waliokuwa wameacha sigara ni asilimia 18 upande wa vepu na 9.9 upande wa pili. Karibu mara mbili. Muuzaji akiipata hiyo anaibandika ukutani. Ila nusu nyingine ya habari haibandiki: kati ya hao walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanainyonya mwaka ulipoisha, wakati wa plasta na bigijii ni 9 tu waliobaki nazo. Mimi niko kwenye hao themanini. Inaning'inia shingoni muda huu naandika. Na 18 katika mia maana yake 82 hawakufika, kwa hiyo usiichukue kama uchawi.

Twende kwenye 5%. Hizo ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Sheria ya Uingereza na ya nchi za Umoja wa Ulaya inakomea 20, na tangi lisizidi mililita 2. Yaani mwanafunzi wa kidato cha tatu Dar anavuta kitu ambacho mimi, mtu mzima na ndevu zangu, duka la halali hapa Leicester haliruhusiwi kuniuzia. Na hakimkerezi koo kwa sababu wanatumia chumvi ya nikotini, yaani nikotini iliyotiwa asidi kidogo ili ilainike. Nikotini tupu kwa nguvu hiyo asingeweza kuivuta mara mbili. Embe inamalizia kazi iliyobaki. Zile za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku huku tangu tarehe 1 Juni 2025, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya betri zilizokuwa zinazagaa kwenye majalala.

Kuhusu kupaliwa, unaivuta kama fegi. Fegi unaipiga haraka na kwa nguvu. Hii vuta polepole, sekunde tatu nne, ukungu ukae mdomoni kwanza ndipo uushushe kifuani. Koili ikiwa mpya, jaza tangi uiache dakika kumi pamba ilowe. Usipofanya hivyo unaunguza pamba kavu, na ladha yake utaijua, kuanzia hapo koili hiyo ni ya kutupa. Kunywa maji mengi, inakausha koo.

Sista_wa_Zamu

Mimi ni muuguzi, niko wodi ya wagonjwa wa kifua. Kaka wa Leicester kaeleza vizuri, naongeza ya upande wetu.

Mwaka 2019 Marekani walilaza vijana kwa vijana, mapafu yamejaa, hewa haiingii. Mpaka Februari 2020 walikuwa wamehesabu wagonjwa zaidi ya 2,800 na vifo 68. Wengi walikuwa wamevuta vepu za bangi za kununua mtaani, zilizotiwa mafuta ya vitamini E ili zionekane nzito. Vitamini hiyo ukiimeza haina neno, kuivuta kifuani ni habari nyingine. Wapo wanaoitumia habari hii kusema vepu yoyote itakulaza kesho, siyo kweli. Mimi ninachokiangalia ni kwamba aliyechanganya hakuandika kwenye boksi alichochanganya. Hiyo ya embe ya kijana, nani kaipima?

La pili, umri wa kitu chenyewe. Hon Lik, mfamasia wa China, ndiye aliyebuni vepu ya namna hii ya sasa, mwaka 2003. Sigara zilivutwa miongo mingi kabla madaktari hawajaithibitisha saratani ya mapafu kuwa yake. Hakuna mtu duniani aliyevuta vepu miaka arobaini akaja kliniki tukampima. Mkisikia kwamba madhara yake ni "pungufu kwa asilimia 95" kuliko ya sigara, ni makadirio ya wataalamu yaliyotolewa Uingereza 2015, hayajatokana na kuhesabu makaburi. Kwamba ina sumu chache kuliko moshi, hilo sibishani nalo. Moyo kwenda mbio na presha kupanda kidogo baada ya kuvuta, hayo ni ya nikotini na yako palepale.

FundiMakochi, kikohozi cha asubuhi ukiwa mvutaji wa miaka yote hiyo usikiache kwa sababu umehamia vepu. Nenda ukapimwe kifua, na makohozi pia, TB bado ipo. Na kama kuna anayesoma hapa anatumia aminofilini kwa ajili ya pumu, amwambie daktari kabla ya kuacha sigara. Moshi unafanya ini liiondoe dawa hiyo haraka. Moshi ukikatika ghafla, dozi ileile inabaki nyingi mwilini, na nimewahi kupokea mgonjwa anatetemeka na kutapika kwa hilo.

Ile chupa ya mnanaa itoe kwenye droo leo. Nikotini ya maji ni sumu, na kwa mtoto mdogo kiasi kidogo tu kinatosha kumuua. Kama betri yake inachomoka, ndiyo kabisa usiichanganye na misumari, itapiga shoti.

Kwa kijana, msianze na fimbo. Muulizeni kitu kimoja, akiamka anakaa muda gani kabla ya kuivuta.

Kamongo_Ziwani

Mimi navuta vyote viwili. Vepu ofisini na kwenye gari, fegi jioni baa. Hela inayotoka ni nyingi kuliko zamani na kifua kiko vilevile. Bia ya pili ikifika mezani mkono unaijua njia yenyewe.

MtangaGhalani

Kamongo, kwa mtindo huo vepu haijakusaidia chochote, imekuwa ya kukuvusha sehemu zisizoruhusu moshi. Kule kliniki walikuwa wakali kwenye hilo tu, mengine wanacheka na wewe. Jaribu yenye nikotini ya juu zaidi saa za baa, au kaa na baa mbalimbali wiki za mwanzo.

Wa_Mbale

Kwa wasafiri: Uganda msije nazo. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 ilizipiga marufuku pamoja na shisha. India walizuia biashara yake 2019, na Singapore hata kukutwa nayo tu ni kosa. Kwenye ndege inabebwa mkononi, begi la chini hairuhusiwi kwa sababu ya betri.

FundiMakochi

Asanteni sana, wakuu. Nimekaa na kijana nyuma ya nyumba, bila mama yake. Anavuta kabla ya kupiga mswaki. Usiku inakaa chini ya mto. Anazinunua kwa hela ya nauli, halafu anatembea kwa miguu mpaka shule, na mimi nilikuwa namsifia kwa mazoezi. Tumemnyang'anya Ijumaa, leo Jumapili ana kichwa kinamuuma na anamfokea kila mtu. Hii ni kawaida?

Na swali la kazi. Kwa kuwa haina kiberiti, naweza kuivutia ndani ya karakana?

Sista_wa_Zamu

Ni kawaida. Siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi, halafu inashuka ndani ya wiki chache. Hasira, usingizi kupotea, njaa ya ajabu. Kuvuta kabla ya mswaki maana yake amekwisha kushikika, kwa hiyo msimchukulie kama mtoto mtukutu, mchukulieni kama wewe unavyojijua ukikosa fegi. Umri wake nikotini inashika haraka kuliko sisi. Asipewe vepu nyingine "ya nguvu ndogo" kumtuliza, hakuwa mvutaji wa sigara, kwake hakuna kinachopungua. Akishindwa kulala au kula, mleteni kliniki.

Ndani ya karakana hapana. Ile gundi ya makochi mvuke wake unashika moto, na unachoshika mkononi ni waya wa moto na betri ya lithiamu. Kuchaji pia usichajie humo.

FundiMakochi

Nimeelewa, sista. Basi nitaanza Jumatatu, fegi zote nje. Chupa hii ya shemeji imeandikwa miligramu 12, nusu imebaki. Ikiisha nishuke mpaka 6 ili nimalize haraka?

MtangaGhalani

Usishuke. Kwa pakiti nzima kwa siku, 12 kwenye kitangi kidogo kama hicho huenda isikutoshe, na ndiyo inayomrudisha mtu kwa Mpemba saa kumi. Mwambie shemeji akutumie za 20 kupitia mtu anayekuja. Huku chupa za nikotini haziruhusiwi kuzidi mililita 10, kwa hiyo ni mzigo mdogo. Aongeze na koili tano, hiyo uliyonayo itaanza kuonja kuungua ndani ya wiki mbili hivi. Ukikaa miezi bila kugusa fegi ndipo uanze 12, halafu 6. Na ukiona vepu haikukai, famasi kubwa za mjini ulizia plasta na bigijii za nikotini. Plasta unabandika asubuhi, bigijii unatafuna hamu ikipanda, hazihitaji chaja wala koili.