Mjadala: Soli za povu la gesi zipimwe kwa rula au kwa nguvu zinazorudisha?

Mtoa mada

Wakuu, tarehe 31 Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia lilitangaza kwamba soli ya kiatu cha marathoni isizidi unene wa milimita 40, na bamba gumu ndani yake liwe moja tu. Mimi nasema walipima kisichohusika. Kinachomrusha mkimbiaji ni povu, na siri ya povu ni gesi.

Soli za raba tulizozizoea, zile za plastiki ya EVA, huumuka kama maandazi. Dawa huchanganywa kwenye plastiki, joto likipanda dawa inavunjika na kutoa gesi. Povu jipya halina hamira. Plastiki inafungiwa kwenye mtungi, naitrojeni au kaboni dioksaidi inashindiliwa mpaka inayeyukia ndani ya plastiki yenyewe, halafu shinikizo linaachiwa. Ni soda iliyofunguliwa, ila vipovu vyake vinagandia humo humo. Kaboni dioksaidi ikivuka nyuzi 31 na shinikizo mara 73 hivi ya hewa ya kawaida, si gesi tena wala si kimiminika: inapenya kama gesi, inayeyusha kama kimiminika. Vipovu vinatoka vidogo, vingi, vinavyolingana, na hakuna masalia ya dawa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipima kiatu cha mfano cha Nike chenye povu la Pebax, aina ya plastiki nyepesi inayodunda. Kilirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyokibonyeza. Cha Adidas walichokilinganisha nacho kilirudisha 76 hivi, na cha Nike cha zamani 66 hivi. Wakimbiaji 18 waliokivaa walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Sasa rula itaona nini hapo? Soli mbili za milimita 39 zinaweza kuwa mbali kama godoro jipya na lile lililolaliwa miaka kumi.

Mpenda Mbio

Umeliruka bamba la kaboni. Wengine tunaamini bamba ndilo springi.

Mtoa mada

Nilidhani hivyo pia. Kuna watafiti waliokata bamba la Vaporfly, kiatu cha Nike cha povu hilo, kwa msumeno, likapoteza ugumu wake, wakawarudisha watu mashineni kukimbia. Tofauti haikufika asilimia moja.

Muogeleaji Mstaafu

Haya tumeyapitia kwenye maji. Mwaka 2009 rekodi za kuogelea zilianguka kama maembe msimu wa upepo kwa sababu ya mavazi ya poliyurethani, aina ya plastiki. Januari 2010 yakapigwa marufuku, lakini rekodi zikabaki vitabuni. Vijana wakafukuza muda uliowekwa kwa vazi ambalo wao hawaruhusiwi kulivaa. Mkilikata povu leo mtawafanyia hivyo hivyo wanaokuja. Rekodi ya marathoni ya wanawake ya Paula Radcliffe, 2:15:25, ilikaa miaka 16. Brigid Kosgei akaja na 2:14:04 mwaka 2019, na mwaka 2023 Tigst Assefa akakimbia 2:11:53. Nani atazigusa hizo kwa soli ya maandazi?

Mtoa mada

Mkuki ulifanyaje? Mwaka 1984 Uwe Hohn alirusha mita 104.80, uwanja ukaonekana mdogo. Mwaka 1986 wakasogeza kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume na rekodi zikaanza upya. Julius Yego alipotupa mita 92.72 Beijing mwaka 2015, kuna aliyemwambia hajafika kwa Hohn? Tukiweka kikomo cha nguvu inayorudi, kila kiatu kikapimwa kwa mashine, tunaanza daftari jipya na maisha yanaendelea.

Bikila Peku

Abebe Bikila, marathoni ya Olimpiki, Roma 1960, peku, 2:15:16. Nimepita tu.

Kocha wa Bondeni

Ndugu zangu, mnabishana kama vile kiatu kinamsaidia kila mtu sawa. Kuna utafiti wa mwaka 2023 uliohusisha Wakenya saba wa kiwango cha dunia. Kwenye viatu hivi, aliyefaidika zaidi alipata nafuu ya nguvu ya asilimia 11.4. Aliyepata hasara zaidi alipoteza 11.3. Hao wote ni watu wa mbio, wamelelewa kwenye mwinuko ule ule na ugali ule ule! Kwa hiyo wastani wa asilimia 4 hauniambii lolote kuhusu kijana aliye mbele yangu. Povu linachagua miguu.

Na ili ujue limekuchagua, lazima uwe na kiatu kwanza. Kile cha Adidas cha gramu 138 alichovaa Assefa kiliuzwa dola 500, na watengenezaji wenyewe walisema ni cha mashindano mara moja. Kwenye kundi langu vijana wanne wanaazimana jozi mbili za mtumba, na povu la mtumba limeshabonyea. Sijui kama ni mwanariadha aliyeshindwa au ni soli iliyochoka.

Mtoa mada, nakubaliana nawe kuhusu rula. Ila mashine yako itapima kiatu peke yake, juu ya meza. Yule wa 11.3 utamwambia nini, kwamba kiatu chake kimepita ukaguzi? Na mashine yenyewe itakaa wapi, Monaco yalipo makao yao, au Iten wanakokimbilia watu?