Naomba ushauri: kupima mwanga wa nyota kwa spektrografu ya RSS ya SALT

Wakuu habarini. Nachambua spektra (mwanga uliotawanywa katika rangi zake) za nyota moja zilizochukuliwa na RSS, kifaa cha kutawanya mwanga kilichopo kwenye darubini kubwa ya SALT, Sutherland, Afrika Kusini. Mstari wa hidrojeni wa nanomita 656.3 unaonekana vizuri sana, ila kiwango cha mwanga kinapanda na kushuka usiku hadi usiku.

Kioo kikuu cha SALT, chenye vipande 91, hakigeuki kufuata nyota. Kinachosogea ni mtambo wa juu unaopokea mwanga. Kwa hiyo sehemu ya kioo inayotumika hubadilika hata kabla picha haijakamilika. Nyota ya kulinganishia, ambayo mwanga wake unajulikana, inanipa umbo la spektra, lakini kiwango halisi, hapana.

Je, nipime nguvu ya mstari kwa kuulinganisha na mwanga wa rangi zilizo jirani na mstari huo kwenye spektra ileile? Hofu yangu ni kwamba nyota yenyewe ikibadilika mng'ao, uwiano huo nao utanipotosha. Au nitafute vipimo vya kamera ya darubini ndogo vya usiku uleule?

Halafu upande wa nyekundu, mistari ya hidroksili (mwanga unaotolewa na molekuli za OH zilizo kwenye angahewa ya dunia) inabaki hata nikiondoa mwanga wa anga. Aliyewahi kusafisha data za RSS anielekeze, tafadhali.