Mrejesho: Mafunzo ya walezi wanaosaidia familia zinazoishi na VVU

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza namna ya kuwafundisha walezi wa kujitolea ambao walizijua vizuri habari za dawa, lakini walikwama mbele ya mtoto anayeuliza kwa nini anameza vidonge kila siku. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kupunguza mihadhara na kuongeza maigizo, ambapo mlezi mmoja huwa mtoto, mwingine huwa mama, na waliobaki husikiliza. Hapo ndipo walipoelewa kwamba kumweleza mtoto hali yake si tangazo la siku moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wenye miaka 6 hadi 12 waelezwe, na wadogo zaidi waandaliwe kidogo kidogo. Mlezi mmoja aliyekuwa akikwepa swali hilo sasa huanza kwa kumuuliza mtoto mwenyewe anafikiri dawa zile ni za nini, na nadhani hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Vilevile, kuwafafanulia wenzi kwamba mtu anayetumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana kuliwapunguzia hofu nyingi.

Kilichoshindikana ni vikao vya pamoja vya familia. Wengi waliogopa kuonekana, wakaacha kuja, nasi tukarudi kuwatembelea nyumbani, kwa ridhaa yao na kwa saa wanazochagua wenyewe.